Ongeza Unga

Siku aliyokufa Mwanamkisi, unga ulikuwa umekwisha kukandwa. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, jua halijafika ukutani, na Jeilani alikuwa amekalia mbuzi ya nazi uani, anakuna jibini. Mkewe alisimama mlangoni mwa jiko, akalitazama donge la unga lililofunikwa kitambaa kibichi, akalibonyeza kwa kidole, akasema kama alivyosema kila Ijumaa, "Ongeza unga, bwana. Huu hautoshi."

"Hautoshi vipi? Si sisi wawili tu?"

"Ongeza, nakwambia."

Akaenda chumbani kujinyoosha kidogo, maana tangu alfajiri alikuwa akilalamikia kifua. Jeilani akaongeza unga na yai moja, akakanda tena, akarudi kwenye mbuzi. Alipokwenda kumwita aje atazame kama sasa umetosha, Mwanamkisi hakuitika.

Walimzika baada ya sala ya Ijumaa, na watu wakasema amejaliwa kufa siku njema. Wanawake waliokuja kumwosha walilikuta lile donge jikoni, wasijue ni la nini. Wakalikata madonge, wakasukuma chapati, na waliokuja matangani wakala chapati za manjano zenye mayai, wakazisifu. Jeilani hakuonja. Shemeji yake alimkalia karibu, akamwuliza kwa upole kama watu waulizavyo, "Maneno yake ya mwisho yalikuwa yepi?"

Anayeuliza hivyo hutumaini kusikia shahada. Jeilani aliutazama mkeka. Atamwambia nini mtu huyu? Kwamba dada yake aliiaga dunia akidai unga? Akajibu kwamba hakuwa karibu.

Watu wa Siyu, mji wake, walijua kwamba Jeilani alipata kuwa mpishi huko Kismayu, ila yeye alidhani wanaamini upishi wake aliuacha kulekule. Ujana wake wote ulipita katika nyumba ya Mtaliani mwenye shamba la ndizi. Mama wa Mtaliani huyo, kikongwe mfupi aliyevaa nguo nyeusi mwaka nenda mwaka rudi kwa ajili ya mumewe aliyekufa zamani, ndiye aliyemfundisha kutengeneza tambi kwa mkono. Unga, mayai, siagi, jibini. Juu yake pilipili manga kidogo, basi. Chakula cha tajiri, alisema yule kikongwe, hakina mambo mengi. Maskini ndiye anayeficha umaskini wake kwa viungo.

Jeilani aliporudi kwao akaoa, akashika jembe. Siagi ya mkebe haikupatikana, lakini samli ya Siyu ilikuwapo, ya ng'ombe wa hapohapo, na harufu yake ilishinda siagi yoyote. Jibini alijitengenezea mwenyewe: huyakatisha maziwa kwa ndimu, huyakamua ndani ya kitambaa, huyakandamiza chini ya jiwe, kisha hulipaka jibini chumvi na kulitundika uani mpaka likauke kama ukwato. Kulikuna, mbuzi ya nazi ilitosha. Mwanamkisi alinung'unika miaka yote kwamba tui lake linanuka zizi.

Hilo lilikuwa dogo. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa sukari. Huko Siyu tambi ni chakula cha Idi, chakula kitamu, chenye hiliki na tui zito. Jeilani alikuwa akimtengea mkewe sahani inayong'aa samli, jibini limeyeyuka likawa uzi, naye mkewe akanyoosha mkono akauchukua mkebe wa sukari.

"Umekiua chakula, Mwanamkisi!"

"Nimekifufua. Hiki chako ni chakula cha mwenye homa."

"Yule mama angekuona angelia."

"Na alie. Mimi nala."

Waliyasema hayo kila Ijumaa, mlango wa nje umetiwa komeo, kwa kuwa Jeilani hakutaka mtaa ujue kwamba mwanamume mwenye ndevu zake anasukuma unga nyumbani kwake. Na kila Ijumaa sufuria iliisha. Alidhani tambi zinazobaki hupewa kuku. Siku nyingine, moyo wake ukiwa mkunjufu, alidhani mkewe anazipenda kuliko anavyokiri.

Matanga yalipoanuliwa, watu walirudi kwao na nyumba ikabaki na sauti ya mtu mmoja. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Majirani hawakumtupa. Adhuhuri moja wali wa nazi kutoka kwa Bi Hindu, kesho yake samaki wa kupaka kutoka kwa Swafiya mke wa Abdulqadir, siku ya tatu mkate wa sinia kutoka nyumba ya pembeni. Jeilani alikula matonge machache, akaziosha sahani vizuri kama alivyofundishwa Kismayu, akazipanga katika zidaka za ukutani, pale Mwanamkisi alipokuwa akiweka vikombe vyake vya fahari. Iliyopigwa ua jekundu ilikuwa ya Bi Hindu. Ya bati jeupe iliyobanduka ukingoni ilikuwa ya Swafiya.

Hapo ndipo alipokwama. Sahani ya jirani hairudi tupu. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenyewe kwamba ujirani umekwisha, na hakuna mtoto wa Siyu asiyelijua hilo. Lakini mambo ya sahani ni mambo ya wanawake. Zilikuwa zikiingia na kutoka nyumbani kwake miaka yote, naye hakupata kuuliza zinatoka na nini. Alifikiri atie tende za dukani, akaona haya: tende za dukani hutiwa na mtu asiye na jiko. Akasema atafikiri kesho. Kesho ikaleta sahani nyingine.

Zidaka zilipojaa, aliposikia hodi alinyamaza. Alikaa ndani akiutazama mlango, na mwenye kupiga hodi akangoja, akakohoa, akaenda zake na sahani yake. Ikawa hivyo mara kadhaa. Kisha hodi zikakoma.

Sasa ndipo alipoujua ukimya. Alikuwa akitoka shamba, anachemsha muhogo, anaula kwa chumvi, na hasikii hata mtu wa kumwambia kwamba muhogo haujaiva. Ijumaa zilipita. Jibini lililokunwa nusu lilikuwa bado limening'inia uani, pale alipolitundika tena siku ile.

Siku moja walipokuwa wakitoka msikitini, Abdulqadir, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, alimshika bega.

"Jeilani, mke wangu yuwala juu ya kifuniko cha sufuria."

"Kwa nini?"

"Waniuliza mimi? Sahani zote za mtaa zi kwako! Watu wasema wakusanya vyombo vya harusi, wataka kuoa mke wa pili hata kaburi la wa kwanza halijakauka."

Alisema kwa kucheka, na wawili watatu waliokuwa wakivaa viatu wakacheka naye. Jeilani hakucheka. Abdulqadir alipoona uso wake akaacha, akasema kwa sauti ya chini, "Rafiki yangu, ni mzaha. Lakini zirudishe. Kama hututaki, tuambie."

Jeilani alikwenda moja kwa moja kwa Bi Hindu. Alimchagua yeye kwa sababu alikuwa mzee wa rika la mama yake, na mbele ya mzee kama huyo aibu ya mtu hupungua kidogo. Alimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka.

"Yeo umetoka pangoni?" Bi Hindu alisema bila kuinua macho. "Nikadhani na wewe tumekuzika."

"Bi Hindu, nimekuja kuuliza neno. Sahani yako ninayo."

"Naijua iliko. Ina ua."

"Marehemu alikuwa akiirudisha na nini?"

Bi Hindu akaacha kusuka. Akamtazama kama mtu anayepima kama anatendewa mzaha.

"Wewe waniuliza mimi?"

"Sijui, Bi Hindu. Wallahi sijui."

"Na tambi, baba! Tambi zako."

Jeilani akakaa chini bila kukaribishwa.

"Kila Ijumaa," Bi Hindu aliendelea, "baada ya sala, wewe umelala usingizi wako wa mchana, Mwanamkisi hupita na sinia lililofunikwa kawa. Nyumba hii, ile, ile ya Swafiya, mpaka kule kisimani. Mtaa mzima hatuli mchana wa Ijumaa mpaka zije. Tambi pana, laini, za mayai. Duniani hapana tambi kama hizo."

"Za chumvi?"

"Za chumvi! U mzima wewe? Za sukari, na hiliki, na tui. Nani ala tambi za chumvi?"

"Aliwaambia amezipika yeye?"

"Mwanamkisi alikuwa na makosa yake, mwongo hakuwa. Alikuwa akisimama hapo mlangoni akisema, 'Mkono ni wa Jeilani, sukari tu ndiyo yangu.' Alijivuna mpaka twamwambia, basi, ingia ukae. Hapana mke Siyu aliyekuwa akipikiwa na mumewe ila yeye, na alitaka tujue sote." Akaushika tena ukili. "Siku ile aliyokufa nilikuwa nazingoja. Ilikuwa zamu yangu kuletewa ya kwanza."

Jeilani akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Aliniambia niongeze unga."

"Ehe. Mtaa ni mkubwa."

"Ndilo neno lake la mwisho, Bi Hindu. Shemeji aliniuliza, nikaona haya kumwambia."

Bi Hindu akausuka ukili mpaka mwisho wa jani, akachukua jani jingine. "Mtu aliyekwenda akiwafikiria jirani zake," akasema, "mwenye kuona haya ni nani?"

Ijumaa iliyofuata Jeilani aliufunga mlango kama zamani, kisha akarudi akaliondoa komeo. Alimwaga unga juu ya kibao, akachimba shimo katikati, akapasua mayai. Alikanda mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Akalitazama. Lilikuwa donge la watu wawili. Mkono ulikuwa umejipimia wenyewe. Akangoja kidogo, hajui anangoja nini, kisha akaongeza unga. Akaongeza tena. Donge likawa kubwa hata akalikanda kwa mikono yote miwili, magoti chini, jasho likimtoka.

Akasukuma kwa kisukumio mpaka unga ukawa mwembamba wa kuona mti wa kibao chini yake. Akaukunja, akaukata kwa kisu tepe za upana wa kidole, akazitawanya juu ya mkeka safi zikauke kidogo. Maji ya chumvi yakachemka. Tambi za mkono haziombi muda. Ukigeuza uso zimeiva. Akazichuja, akamimina samli ya moto juu yake, akachukua fungu moja dogo akaliweka kwenye sahani yake. Hilo akalipa jibini, lile lililokuwa limening'inia tangu siku ile, gumu sasa kama jiwe, hata mbuzi ililia lilipopita. Akalipa pilipili manga. Harufu ikapanda, ile ya nyumba ya Kismayu, ya kikongwe mwenye nguo nyeusi.

Zilizobaki zilikuwa sufuria tele. Akakamua tui, akaponda hiliki, akauchukua mkebe wa sukari. Miaka yote aliyopika, hajatia sukari kwenye tambi hata punje. Wala hakujua kipimo. Alijaribu kukumbuka mkono wa Mwanamkisi, na alichokumbuka ni sauti yake tu. Akatia, akaonja, akakunja uso. Kwa ulimi wake zilikuwa tamu mno, na kwa hiyo akadhani zimefika.

Akazishusha sahani zote zidakani, akazijaza, akazipanga kwenye sinia, akafunika kawa. Hakuwa na wa kumtuma. Baada ya sala alijitwika sinia kichwani, yeye mwenyewe na kanzu yake ya Ijumaa, akashika njia ya kisimani mchana kweupe. Wanaume waliokuwa barazani waligeuza shingo alipopita. Abdulqadir peke yake alipaza sauti, "Bwana harusi! Sahani yangu imo?"

"Imo. Kaondoe kifuniko, ukakirudishe juu ya sufuria."

Kicheko kiliwatoka wote, na Jeilani akasikia kidogo kikimtoka yeye pia.

Bi Hindu alionja palepale mlangoni, kwa kidole, bila adabu yoyote.

"Sukari imepungua."

"Imepungua? Nimetia nusu mkebe!"

"Imepungua, baba. Marehemu alikuwa na mkono mzito." Kisha akaifunika sahani kwa kanga yake, akaingia nayo ndani upesi, kwa kuwa hakutaka kutazamwa.

Jeilani aliporudi nyumbani sahani yake ilikuwa imepoa na samli imeganda pembeni. Akakaa juu ya mkeka, akala. Zilikuwa sawasawa. Chumvi ilikuwa sawa, jibini lilikuwa sawa, yule kikongwe angezila asiseme neno. Hapakuwa na mtu wa kumwambia anakula chakula cha mwenye homa. Mkebe wa sukari ulikuwa pale karibu na goti lake. Aliutazama, akaufunika, akaendelea kula mpaka akamaliza.

Sahani yenye ua ilikuja tena Jumapili, ina wali. Ya bati jeupe ilikuja Jumatatu. Sasa kila Ijumaa Jeilani hukanda unga wa mtaa mzima, huzitoa zake kwanza kabla ya sukari, na hula peke yake.