Jiwe la Msiro la Bibi Zubeida

Shangazi Saquina akishikwa na wasiwasi, hashikwi peke yake. Huugawia mtaa mzima kama sadaka. Tangu Chamima arudi kwao Palma, mji wa pwani, kwa likizo, akitokea Urusi anakosomea uhandisi wa nyuklia, shangazi alinong'ona kila baraza kwamba binti yule anachezea mionzi, na mionzi hukausha kizazi. Asubuhi ya safari ya kurudi masomoni akayamwaga yote mbele ya mama yake, Bibi Zubeida. Na katika nyumba ile, Bibi akisema hapana, hata gari la kumpeleka mtu Pemba kupanda ndege halipigi honi.

"Mama, mzuie. Mwaka wa tatu huko chuoni, faculdade, ndio wanaingizwa penye moto wenyewe. Atarudi na shahada, mtoto hatapata!"

Bibi alikuwa uani, anasugua kipande cha mti wa msiro juu ya jiwe lenye maji, apate ule uji mweupe anaojipaka usoni kila siku. Hakuinua kichwa.

"Mke mwenzangu," akamwita Chamima kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "wasikia? Jitetee."

Chamima aliogopa kwelikweli. Bibi akikataa, ufadhili umekwenda, na miaka miwili ya kusoma kwenye baridi ile imepotea bure. Akatoa mkobani kipima mionzi, kidude cha kutosha kiganjani, kinacholia tik kila kinapopitiwa na mionzi.

"Shangazi, mionzi iko kila mahali tangu dunia iumbwe. Jambo ni kiasi. Sikilizeni."

Kwenye ukuta wa matumbawe: tik, kimya kirefu, tik. Kwenye mkeka, vivyo hivyo. Kwa shangazi mwenyewe, aliyekwisha rudi nyuma hatua mbili, vivyo hivyo. Chamima akaanza kutabasamu. Laiti angekomea hapo! Lakini msomi akipata wasikilizaji haishii njiani. Akakiweka juu ya jiwe la msiro.

Tik. Tik-tik. Tik.

"Yallah!" Shangazi akashika kichwa. "Jiwe lina sumu! Litupwe baharini!"

Kidole gumba cha Chamima kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia kipima. Angeweza kukizima, akasema betri imekwisha, mambo yakaisha. Shetani wa namna hiyo hana haja ya kupiga kelele. Kidole kikakaa pale kidogo, kisha akakiondoa.

"Ni kweli, linalia kuliko ukuta, kama mara mbili," akasema. "Ni kidogo, halidhuru. Ila siwezi kukwambieni halilii. Mawe yetu ya pwani hayalii hivi. Hili la bara, kwenye milima ya mawe. Bibi, limetoka wapi?"

Mkono wa Bibi ukasimama.

"Montepuez, kwetu bara," akajibu taratibu. "Nimelibeba kichwani siku nilipoolewa huku. Miaka hamsini na mitatu, hapana mtu aliyeniuliza." Akamgeukia bintiye. "Saquina, wewe mtoto wangu wa ngapi?"

Shangazi akajitia kufunga kanga upya.

"Nakuuliza."

"Wa saba."

"Na nyuma yako?"

"Wawili."

"Wote nimewazaa najipaka msiro wa jiwe hili."

"Bibi," Chamima akadakia, "mtu mmoja peke yake si ushahidi wa kutosha..."

"Nyamaza wewe, nakusaidia!"

Hata shangazi akacheka, akajaribu kuficha kwa ncha ya kanga, wapi.

Honi ikalia nje. Bibi akachota msiro kwa vidole viwili, akampaka mjukuu mashavuni, polepole, kama anavyopakwa bi harusi. Furaha ikamjaa Chamima mpaka machozi yakamtoka na kuharibu kazi yote.

"Nenda kasome," Bibi akamnong'oneza. "Nilikiona kile kidole chako kwenye kitufe. Ungezima, leo usingetoka."