Resori Mbili za Bruno

Déborah alikataa kiti. Alisimama mlangoni pa karakana yangu, gitaa la marehemu baba yake likiwa limefungwa ndani ya kitenge, na viatu vyake bado vina matope ya kivuko.

"Jambo, Papa Ismaël."

"Jambo, binti yangu. Umetoka Alunguli asubuhi hii yote?"

"Na pirogi ya kwanza kuvuka mto. Jumapili tunamaliza matanga ya Papa. Mama anataka gitaa lilie, na wewe njo utapiga, si mwingine. Lakini iko na sauti ya mbu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Déborah anatengeneza simu sokoni, na watu wa kazi hiyo huzungumza huku macho yao yakitafuta visi, skrubu za kufungua. Aliweka gitaa mezani, akatoa mfukoni kifuniko cha kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeusi, vimelainika kama ugali wa jana.

"Nimelifungua. Najua Papa alikataza, alisema gitaa hili linafunguliwa na Ismaël peke yake. Nisamehe. Nimekuta mpira wako umeoza."

Mji mzima unaujua mpira wangu. Wakati wa vita, vitu vilipokosekana, nilikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa pete ndogo, nikazitia mahali pa resori, springi ndogo za chuma. Kila pete naitia alama ya wembe pembeni ili ipinde vizuri. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo Kindu, na nimejisifu kwa jambo hilo mbele ya watu wengi.

"Uliutia lini?" aliuliza.

"Sikumbuki."

Alinitazama kidogo tu. Mimi ni mtu anayekumbuka namba ya kila treni iliyopita kwenye karakana ya reli nilipofanya kazi mchana, na kila somo la umeme nililosoma jioni kwa miaka minne. Déborah alikunja kitenge chake, akasema atanisubiri Jumapili, akaondoka.

Nilikwenda mlangoni. Nikarudi. Niliosha mikono isiyo na uchafu, nikapanga turnevisi zangu, bisibisi za kazi, kwa urefu, nikazipanga upya.

Kukumbuka, nakumbuka. Ulikuwa mwaka ambao mji ulifungwa. Reli ilikuwa imekatwa, mto haukupitika, mchele wa Kibombo ulikuwa hadithi. Katika orkestra yetu Bruno alipiga gitaa la kwanza, lile linaloimba. Mimi nilipiga la pili, lile linalosindikiza. Siku alipoamua kukimbia kwa miguu na mkewe Anne, na Déborah akiwa mtoto wa mgongoni, alikuja kwangu na gitaa.

"Nitunzie, ndugu. Wewe na kichwa chako cha masomo ya jioni, hata panya utawaandikia barua ya kuwakataza."

"Na wewe huko msituni utapigia nani?"

"Nyani. Wana masikio kukuzidi."

Aliondoka akicheka. Orkestra ilibaki na watu wanne, na nafasi ya kwanza ikawa yangu.

Lazima nieleze kitu hapa, ni kidogo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna mikro, kisanduku chenye sumaku kinachosikia nyuzi. Visi mbili zinaishika, na kila visi imepita ndani ya resori. Resori inaisukuma mikro juu, visi inaivuta chini, na kati ya ubishi wao fundi anatafuta mahali ambapo sauti inakaa. Mikro ikizama, iwe mbali na nyuzi, mpigaji awe hodari namna gani, gitaa linanong'ona.

Resori za gitaa langu zililiwa na kutu zikakatika. Za Bruno zilikuwa mpya, mfanyabiashara wa Kampene alimletea. Nilizichukua. Mahali pake nikatia pete zangu za mpira, nikafunga vizuri, nikafunika. Nilijiambia: akirudi, nitarudisha.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, kucha zimevunjika kwa kuchimba mihogo ya watu. Hata maji hakuomba. Aliomba gitaa. Alipiga wimbo aliokuwa akiupiga huku amefumba macho, na sauti ikatoka nyembamba, ya mbali. Mpira ulikuwa umeshabonyea, mikro imezama. Alipiga tena. Alifumbua macho.

"Ismaël, angalia hili gitaa."

Nililichukua. Niligonga mbao yake kama daktari, nikatega sikio. Ukutani nyuma yangu lilitundikwa gitaa langu, na resori zake ndani. Kesho yake tulikuwa na sherehe ya treni kurudi, na watu walikuwa tayari wameanza kuniita mpigaji wa kwanza.

"Gitaa ni zima," nilisema.

Bruno aligeuza mikono yake, akaitazama upande huu na upande ule.

"Basi njo mikono yangu imeharibika."

"Pumzika kwanza."

Alipumzika miaka ishirini. Alilima mpunga ng'ambo, akazeeka, akafa. Mara moja nilivuka na resori zile mfukoni, nimekwisha kuzitoa katika gitaa langu. Nilimkuta kwenye pombe na majirani. "Mikono yangu ilibaki msitu wa Kibombo," alikuwa anawaambia. "Mkiiona, mniletee, hata moja." Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikarudi na resori zangu. Nimeandika "zangu". Hivyo ndivyo nilivyozizoea.

Siku mbili baada ya Déborah kuja, nililifungua gitaa langu. Nikatoa resori, nikazitia katika la Bruno, nikakaza, nikalegeza nusu mzunguko. Niligusa uzi mmoja. Jirani yangu Rachida, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani, aliacha kutwanga.

"Eh, Papa Ismaël! Nani anapiga namna ile?"

"Ni mimi."

"Hapana, si wewe. Wewe nakujua."

Kazi ilikuwa imekwisha. Ningelivusha Jumapili, lingelia, na watu wangesema: Ismaël amelifufua gitaa la Bruno. Wangenipa sifa ya kurudisha nilichochukua. Nilikaa, nikasimama. Nilitoka hadi njia ya reli nikarudi bila kununua wala kusalimia. Kisha nikashika turnevisi, nikazitoa resori zote mbili, nikazifunga katika karatasi, na kuuacha mpira uliooza katika kifuniko chake.

Jumapili nilivuka na magitaa mawili na kanzu nyeupe. Uani kwa Bruno kulikuwa na watu wengi, ampli imeunganishwa na betri ya sola. Mama Anne alikuwa ameketi katikati kwa kitambaa cheupe, siku ya kuvua nyeusi.

"Papa Ismaël amefika!" mtu alipiga kelele. "Sasa Bruno atalala vizuri."

Niliomba meza. Nililifungua gitaa la Bruno mbele yao, nikainua mikro kwa vidole, nikaweka karatasi pembeni, nikaikunjua.

"Hizi ni resori za Bruno," nilisema. "Nilizichukua alipokuwa msituni. Aliporudi aliniuliza, nikamwambia gitaa ni zima. Halikuwa zima."

Wengi hawakuelewa. Mzee mmoja alisema, "Resori mbili tu? Nunua nyingine, tupige ngoma." Lakini Déborah alikuwa ameelewa, na Mama Anne alikuwa anautazama uso wa binti yake.

"Ismaël," alisema taratibu. "Mikono yake?"

"Ilikuwa mizima, Mama Anne."

"Yote miwili?"

"Yote miwili. Tangu siku aliyorudi."

Kisha akasema, si kwangu, "Wageni wakija alikuwa anaificha chini ya meza. Mimi nilikuwa namkanda na mafuta ya mawese kila asubuhi. Miaka yote ile namkanda mtu mzima."

Hakuna aliyesema tena habari za ngoma.

"Rudisha," aliniambia.

Nilishika visi ya kwanza. Vidole vyangu, vilivyofunga maelfu ya visi, viliiangusha. Iliruka kwenye ukingo wa meza ikaingia vumbini. Nilipiga magoti na kanzu yangu nyeupe, nikapapasa. Miguu ya watu ilisogea kunipisha, hakuna aliyeinama. Niliiona mwishowe kando ya ndala ya Mama Anne. Hakuisogeza ndala yake. Niliiokota pale pale.

Nilipoinuka, Déborah alinyoosha mkono, nami nikampa turnevisi. Alitia resori, akapitisha visi, haraka, kama anafunga simu ya mteja.

"Nikaze mpaka wapi?"

"Mpaka usikie resori inakataa. Kisha rudisha nusu mzunguko."

Alikaza. Alirudisha nusu. Nilinyoosha mkono kulipokea gitaa, kwa mazoea.

"Hapana," alisema Mama Anne. "Si wewe."

Déborah hajui kupiga gitaa. Alichomeka waya, akalilaza gitaa mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita, mara moja tu. Sauti ilitoka ikajaa uani, ikapita juu ya ukuta wa matete, na mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Mama Anne aliinua kichwa. "Njo hiyo," alisema. "Njo hiyo sauti yake. Piga tena."

Déborah alipiga tena, na tena, bila wimbo. Nilibaki nimesimama karibu na meza, vumbi limeshika magoti ya kanzu, nikisubiri mtu aniambie niketi au niende. Hakuna aliyeniambia.