Tarakimu Nane za Byabato

Nipe namba yako ya NIDA nikwambie habari zako. Sibahatishi. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na tano zinazofuata zinaonyesha ulikojiandikishia. Nina miaka kumi na mitatu kwenye duka langu la kutoa kopi hapa Kayanga, nawajazia fomu watu wasiopatana na kalamu, na sifa zangu zimefika hadi stendi: Nasreen anasoma namba. Sifa hizo zilinilevya. Zilinifanya mjinga kwa miezi mitano mizima.

Mama yangu anaitwa Adija, ila alizaliwa Celestina, binti wa Rwegoshora, katekista wa Bugene. Mwaka 1974 alimpenda baba yangu, Abdulrahim, muuza vitenge aliyetokea Pangani. Babu alipoambiwa kuwa binti yake anasilimu ili aolewe, alisimama mlangoni akasema, "Mimi sina binti." Hakulirudia neno hilo, wala hakulifuta. Mama akaondoka na kikapu kimoja. Mdogo wake wa pekee, Byabato, mtoto wa miaka sita, alimkimbilia hadi barabarani akimwuliza atarudi lini. Mama akamdanganya, kama tunavyowadanganya watoto tukitaka wanyamaze.

Wazazi wangu walikwenda kuishi Tabora. Waliporudi Kayanga baada ya miaka mitano, mama alienda Bugene akamkuta mtu asiyemjua kwenye kibanja chao, shamba la ukoo, anakata majani ya migomba. Babu alikuwa ameuza. Huku kwetu, anayeuza kibanja chenye makaburi ya wazee wake ni mtu mwenye aibu kubwa, na mtu wa namna hiyo haagi majirani. Wengine walisema amehamia Uganda, wengine Kyerwa, wengine kwamba wamekwisha wote. Tangu hapo mama akawa anamwuliza kila mteja wa vitenge, "Huko kwenu hakuna Byabato?" Byabato walikuwepo tele. Wa kwake hakuwepo.

Baba alipofariki, mama alitazama umati uliojaa uani kwetu, akaniambia neno lililonichoma.

"Nasreen, nami nikifa watajaa hawa hawa, watu wa baba yako. Wa kwetu hata mmoja. Nitazikwa kama mgeni."

Nililia. Halafu nikakasirika, maana ndivyo nilivyo, nikaapa kuwa huyo Byabato nitamtoa hata akiwa chini ya jiwe.

Watu wengi wa rika lake hawajui tarehe walizozaliwa. Watakwambia mwaka wa njaa, au mwaka wa mvua kubwa, na karani anawatafutia tarehe ya kuandika. Byabato hakuwa hivyo. Alizaliwa siku ya sherehe za Uhuru, mwaka 1967, na mama anakumbuka vizuri kwa sababu alitolewa kwenye gwaride la shule akimbie nyumbani kuchota maji. Kwa hiyo nilijua namba yake inaanzaje: 19671209.

Vitambulisho vilipoletwa, orodha za majina na namba zilibandikwa kwenye kuta za ofisi. Nikafunga duka siku baada ya siku, nikapanda bodaboda hadi wilaya ya Kyerwa. Rubwera nilisoma ukuta mzima, jua la mchana kichwani. Nikaenda Nkwenda, nikaenda Isingiro, nikaenda Kaisho. Shingo ilikakamaa na vumbi likanibadilisha rangi. Kisha siku moja, Mabira, karatasi ya nne, kidole changu kikasimama: Elick Byabato Kamuhanda, 19671209.

Moyo uliruka, ukatua papo hapo. Kamuhanda! Jina la tatu kwenye kitambulisho ni la baba, na babu yangu hakuwa Kamuhanda. Mtendaji wa hapo, Gosbert, kijana mpole mwenye kaunda suti, alitoka kuniuliza ninatafuta nini. Nikamwomba anionyeshe fomu ya huyo mtu.

"Hapana, dada. Habari za mtu ni siri yake," alisema. "Lakini kama unadhani ni ndugu yako, nyumbani kwake si mbali. Nenda ukamwulize."

"Nikamwulize kama baba yake ndiye baba yake?" nikamjibu, nikapanda bodaboda kwa hasira.

Nyumbani nilimwambia mama kwa kifupi kwamba nimemaliza Kyerwa na mdogo wake hayupo. Sikumsomea hata lile jina nililoliona. Nimsomee ili iweje? Mtaalamu si ni mimi? Mama aliitikia tu, "Haya, mwanangu." Kuanzia siku hiyo hakumwuliza tena mteja yeyote. Kimya chake kilinitesa kuliko maswali yake yote ya nyuma, lakini kiburi kilinikaa kooni.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja akaja mama mmoja mkulima, Benitha, nimjazie mume wake fomu. Mume alikuwa amevunjika mguu, angeletwa siku ya kuweka vidole tu. Tulikwenda vizuri mpaka nilipomwuliza jina la baba wa mume wake. Akatazama mlango.

"Jina la baba mkwe wako," nikarudia.

"Hilo sitamki, waitu. Mke hatamki jina la baba mkwe."

"Nami siwezi kuandika kimya chako, mama! Nyuma yako kuna foleni."

"Basi andika la babu yake mume wangu. Huyo alikufa kabla sijaolewa, hanifungi mdomo."

"Nimwandike babu mahali pa baba?"

"Wengi tunafanya hivyo," alisema bila wasiwasi. "Karani anataka jina, na wewe una heshima ya kulinda. Utafanyaje?"

Kalamu ilinidondoka. Niliwaacha watu kwenye foleni, nikakimbia hadi uani, ambako mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, babu yako, baba yake babu, aliitwa nani?"

"Kamuhanda," akasema, hata bila kuinua macho. "Kwa nini?"

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Nikamweleza yote, ukuta wa Mabira, jina la tatu, miezi mitano. Nilitegemea alie. Mama alinirushia ungo, na mchele ukamwagika ua mzima.

"Ulikuwa na jina la babu yangu mdomoni, ukalimeza! Kuuliza ungepungukiwa nini? Kusoma umesoma, Nasreen, lakini akili ya kuuliza huna!"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nikiwacheka wateja wangu kwa kutojua kusoma, kumbe mimi nilikuwa nasoma bila kujua.

Kesho yake alfajiri tulikodi gari hadi Mabira, na barabara ilipokwisha tukashika njia ya miguu katikati ya migomba. Mama ana miaka sitini na minane na goti bovu, lakini alinitangulia. Tulimkuta mwanamke akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Tukasalimiana, akajitambulisha kuwa ni Mackrine, mke wa Elick. Sikuzunguka.

"Mama, shikamoo tena. Fomu ya kitambulisho ya mume wako aliijaza nani?"

Mackrine aliona haya. "Mimi ndiye niliyemtajia karani. Mume wangu kusoma hajui, alikuwa machungani, alienda kuweka vidole tu. Kuna kosa?"

"Na Kamuhanda ni nani?"

"Babu yake," akanong'ona. "Baba mkwe ningemtajaje?"

Mama alishika mkono wangu akaubana hadi nikaumia. Wakati huo huo mwanamume mwenye mvi akatokea shambani na mkungu wa ndizi begani. Alimwona mwanamke mzee aliyejitanda mtandio, akamwamkia shikamoo kwa adabu, kama unavyomwamkia mgeni.

"Byabato," mama alisema. "Hata wewe umeota mvi."

Mkungu ulishuka begani polepole. Alimkaribia, akainama kumtazama usoni.

"Dada Celestina," alisema. "Ulisema kesho."

"Nimechelewa," mama akasema, na wote wawili wakaanguka kwenye mkeka, juu ya kahawa, wakilia na kucheka kama watu waliorukwa na akili. Mackrine alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio. Mimi nililia kwa sauti, sikujali nani ananitazama. Mjomba aliniambia kwamba alishamtafuta dada yake mpaka Tabora, akimwulizia Celestina, na wote aliowauliza walimwambia hawamjui. Wangemjuaje? Huko walimfahamu Adija.

Tulipokwisha kula, nilitoa fomu ya kurekebisha taarifa. Kazi ni kazi. Nikawaeleza kuwa jina la baba lisahihishwe, na kwamba itafaa ndugu wa damu aliyemjua mzee ale kiapo. Kaburi la babu lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, limefunikwa na majani makavu ya migomba, na mama alikuwa ameomba kiti chake kiwekwe kando yake.

"Jina la baba?" nikauliza, kalamu tayari.

Mackrine akainamisha kichwa. Mjomba akafungua kinywa. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akainuka kwenye kiti, goti bovu na vyote, akaligeukia kaburi.

"Rwegoshora!" alisema, kwa sauti iliyofika kwa jirani wa tatu. "Andika, Nasreen. Na kwenye kiapo uandike kwamba aliyemtaja ni binti yake."