Koti la Andati

Mkono wa Jael haukuwa wa kuamriwa. Majirani wa mtaa wa Amalemba walikuwa wakichungulia na kumuuliza, "Mama, hii umechora nini?" Naye aliwajibu hajui bado, nao walicheka wakaenda zao. Na kweli hakujua. Hakuwahi kuanza picha akijua. Alitundika gunia la sukari ukutani, akalipaka gundi ya unga, akabandika chochote ambacho mkono ulikwenda kukichukua: makapi ya miwa, masizi ya sufuria, vipande vya kalenda ya mwaka uliopita, 1995, udongo mwekundu wa kwao Iguhu. Kisha alikaa kwenye kigoda akatazama. Picha ikikataa, anabandua. Ikikubali, anaiacha. Kazi yote ni hiyo, na usidhani ni rahisi!

Hii ya sasa ilikuwa imekataa tangu mume wake, Andati, azikwe. Wiki tano. Alipaka akabandua, akapaka akabandua, mpaka vidole vikapasuka kwa gundi. Alikuwa amechoka. Amechoka kupewa pole, amechoka kuchemshia wageni chai, amechoka hata kuamka. Picha ilikuwa na pengo upande wa kushoto, na kila alichotia hapo kilikataa kukaa.

Basi Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya nguo za marehemu kugawiwa, mkono ukaenda nyuma ya mlango ukashusha koti msumarini. Koti la kijivu, limechakaa viwikoni. Kila mtu alijua koti hilo ni la Makhanu, mdogo wake Andati. Andati mwenyewe alimwachia akiwa mgonjwa kitandani, ndugu wote wakisikia. Jael alijua vizuri. Alijiambia, "Wewe mwanamke, rudisha hilo." Huku anajiambia, mkasi unakata. Alikata mkono mmoja wa koti, kipande cha mgongo na mfuko, akavichovya kwenye gundi, akavibandika penye pengo, akapaka udongo kidogo juu yake. Akakaa.

Picha ikakubali. Jael alilia pale pale kigodani, kwa mara ya kwanza bila mtu wa kumtazama. Halafu akaona mabaki ya koti sakafuni, na hofu ikamshika.

Ijumaa ndugu wa marehemu walikuja. Nguo zikatandazwa kwenye mkeka uani, shati la huyu, viatu vya yule. Navalayo, dada yake marehemu, ndiye aliyegawa. Alipekua rundo mara mbili.

"Wifi, koti liko wapi?"

Jael alikuwa ameandaa uongo, kwamba limeibwa. Lakini hata uongo unataka nguvu.

"Liko ndani," alisema. "Nimelikata."

Kelele zilizopigwa hapo! "Umekata koti la mtu?" Navalayo alifoka. "Kwa hayo mamagunia yako? Yesu wangu!"

Makhanu alivua viatu akaingia ndani. Jael akamfuata, akijua anakwenda kung'oa koti pichani, na hana nguvu za kumzuia.

Makhanu alisimama mbele ya picha. Huyu ndiye aliyezoea kumwita shemeji yake fundi wa takataka. Aligusa mfuko. Kisha akaingiza vidole kwenye mdomo wa ule mkono wa koti, mahali ambapo gundi haikufika, akavituliza humo.

"Ni yeye," alisema. "Alikuwa anasimamanga hivi, bega moja chini."

Jael hakuwa ameona. Alitazama sasa, akaona bega. Wiki tano mkono wake ulikuwa ukimtafuta Andati, na yeye hakujua.

"Shemeji, usibandue," aliomba.

"Nani abandue? Koti ni langu. Nalichukua hivi lilivyo."

Jael alitaka kupiga mayowe. Amempata mume wake sasa hivi, hajamtazama hata dakika moja! Lakini Andati alikuwa amesema, na mwenye makosa ni yeye Jael. Aling'oa misumari mwenyewe, mmoja mmoja, gunia lisichanike. Makhanu akalibeba kwa mikono miwili kupita uani, na wote wakampisha.

Navalayo alikuja mlangoni akaangalia ukuta mtupu. Aibu ilikuwa imemjaa.

"Si utatengeneza ingine, wifi?"

Jael aliinama akaokota kifungo na kipande cha kola.

"Koti lilikuwa moja," alisema.