Mluzi wa Zamu

Kwenye mfereji wetu huku Mbarali, maji ya mpunga yanagawanywa kwa mluzi. Yotamu, mgawa maji, anapita juu ya tuta, na zamu yako ikifika anapiga mmoja mrefu na miwili mifupi. Hapo unafungua geti lako. Simu tulijaribu, ila mtandao ukawa unafika siku moja na maji siku nyingine.

Mwaka huu kurumbiza wa kwenye matete, kale kandege kenye kifua cha rangi ya chungwa, kakajifunza mluzi huo. Kakawa kanaupiga vizuri kuliko Yotamu mwenyewe, ambaye ana pengo. Faustina, mjane mwenye majaruba mawili tu ya mpunga, akausikia asubuhi moja, akafungua geti. Kumbe haikuwa zamu yake. Kamati ikamwita.

Kanuni aliitunga mwenyekiti wetu Edmund mwenyewe: anayefungua nje ya zamu anakosa maji wiki tatu. Mpunga wa Faustina ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Wiki tatu bila maji, angevuna majani ya kulishia ng'ombe.

Kikao kilifanyika palepale kwenye tuta, viti vya plastiki vikizama kwenye tope.

"Mama," Edmund akaanza, "unataka tuandike kwenye muhtasari kwamba ulitumwa na ndege?"

"Mimi nilisikia mluzi, mwenyekiti, nikafungua. Kama siku zote."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, na mpaka leo naona aibu.

Kwa kuwa kamati yetu haiamui jambo bila mtaalamu, alikuwa ameletwa Ambrosi, msomi wa ndege kutoka Mbeya mjini. Akaeleza kwa dakika arobaini. Dume hupiga mluzi kuwaambia wenzake kwamba eneo hili ni langu, sogeeni huko. Hupiga pia kuwavutia majike. Na huyu anayeiga, akasema, huenda anakusanya sauti za wengine ili aonekane mkubwa kuliko alivyo.

"Tabia mbaya sana," akasema Edmund, ambaye hotuba zake zote ameziokota kwa wakubwa waliowahi kututembelea.

Ndipo mluzi ukalia. Mmoja mrefu, miwili mifupi, safi kabisa.

Edmund akaruka. "Zamu yangu hiyo! Kikao kimeahirishwa!" Akakunja suruali mpaka magotini, akakimbia, akafungua geti lake, maji yakaingia jarubani kwa kishindo.

Yotamu alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwake, mdomo umejaa kiazi cha kuchemsha. Hata kupiga mluzi asingeweza.

Edmund aliporudi akamkuta bado anatafuna. Safari hii hakuna aliyecheka. Faustina akauliza kwa upole, "Na mwenyekiti naye ni wiki tatu?"

Kamati ikajitenga pembeni, ikanong'ona, ikarudi na uamuzi: kanuni ina mapungufu, shauri limefutwa, Faustina apewe maji kesho.

Mpunga wake ukapona. Nilifurahi, ila nilifurahi kwa hasira. Mama yule alituambia ukweli asubuhi nzima tukamcheka, akaja kuaminiwa pale tu mkubwa alipokosea kama yeye. Muhtasari nimeusoma. Unasema ndege huyo aligunduliwa na mwenyekiti.