Kungu Wasiohama

Jioni yake ya mwisho Lituhi, Beata aliegemeza viwiko kwenye kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa ziwani, akainua darubini yake ya macho mawili, kisha akaishusha bila kutazama. Kule kusini magharibi, juu kidogo ya maji, kungu walikuwa wamekaa palepale.

Kungu ni vijidudu vya ziwani, vidogo kuliko mbu. Mwezi ukiwa haupo hutoka majini kwa mamilioni na kupanda juu kama moshi wa shamba linalochomwa. Siku Beata aliposhuka kwenye gari kutoka Mbinga, aliwaona kwa macho yake kabla jua halijazama, nguzo nyeusi za moshi zikitembea juu ya ziwa. Giza lilipoingia, upande uleule lilibaki doa la kijivu, na shemeji yake Nicholaus, ambaye amevua usipa tangu ujana wake, alimwambia hao ndio haohao. Mgeni habishani na mwenyeji wake kuhusu ziwa. Beata alifunika darubini kwa kitambaa ili wasiingie kwenye vioo, akageukia upande mwingine wa anga.

Alikuja kwa ajili ya kitu kimoja: Wingu Kubwa la Magelani, kundi kubwa la nyota lililo chini kusini mwa anga. Kwao Litembo, ambako anashona sare za shule na kutunza kahawa yake, kilima kimesimama kusini kwa nyumba na kuificha sehemu ya chini ya anga. Vingine vyote vilivyokuwa kwenye ramani yake ya nyota alikwisha kuviona akiwa uani, kimoja baada ya kingine, bila mwalimu. Wingu Kubwa lilibaki. Miezi ambayo Wingu hupanda juu ya kilima ni miezi ya mvua, na mwezi wa tano linapotua mapema jioni, linatua upande wa ziwani. Ndiyo maana aliandika kwa dada yake Kunigunda kwamba anakuja mwezi ukiwa gizani. Kesho gari la asubuhi lingemrudisha, maana kahawa ilikuwa imeanza kuiva na haina wa kuichuma. Baada ya hapo Wingu lingezama pamoja na jua, na lingerudi jioni pamoja na mvua.

Si kwamba siku zilizotangulia zilikuwa za bure. Alikuwa amewaonyesha wenyeji wake Omega Sentauri, ambayo kwa macho matupu ni nyota moja yenye ukungu, na kwenye darubini ni mpira wa nyota zisizohesabika. Nicholaus aliitazama kwa muda mrefu.

"Hawa ni usipa," alisema. "Hivi ndivyo wanavyokuja wakiona taa. Huyu aliyewawashia taa yuko wapi?"

Beata alicheka, akamwonyesha pia Kasha la Vito karibu na Msalaba wa Kusini, na nebula ya Karina, inayong'aa kama pumzi juu ya kioo. Kila mara Nicholaus alipata la kusema. Lakini jioni hii ya mwisho utani wake ulikuwa na mwiba.

"Shemeji, umetoka milimani kote huko kuja kupigana na wadudu," alisema, akikusanya kamba za wavu. "Watu wa kahawa mna haraka. Kungu wakichoka watahama."

"Wakihama Wingu litakuwa limeshazama."

"Basi utaniachia darubini, mimi nitakuangalizia."

Picha ya Wingu aliyokuwa nayo Beata, aliyochapishiwa kwenye duka la steshenari Mbinga, ilikuwa na rangi ya waridi na nyota zinazometameta kama shanga. Kitu cha namna hiyo, alifikiri, kiko nyuma ya kungu hao, wamekikalia kama kuku aliyelalia yai.

Kunigunda alitoka jikoni na ungo aliokuwa ameulowesha maji. Alikuwa amewasubiri kungu hao kwa sababu zake mwenyewe. Wakifika ufukweni yeye hupunga ungo hewani, wakanata, akawaponda na kuwapika andazi jeusi ambalo Nicholaus hulipenda kuliko nyama. Siku zote hizi hawakufika. Akasimama mchangani, khanga yake ikipepea upande mmoja, nguo kwenye kamba zikiwa zimelala upande huohuo.

"Baba Isidori," alimwita mumewe. "Huu upepo unatoka wapi?"

"Mwera huo, wa kusini."

"Na unapeleka wapi?"

"Kaskazini. Kwani wewe umezaliwa leo?"

"Mimi nauliza tu. Kungu ni wepesi kuliko unga. Mwera wote huu, hao wako mbona hawasogei?"

Nicholaus aliacha kamba. Alitazama nguo, akatazama doa, akatazama tena nguo.

"Labda wamechoka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Beata alikuwa ameshatoa kitambaa kwenye darubini. Alibana viwiko kwenye miti ya kichanja na kushusha pumzi polepole, kama anavyofanya anapotunga uzi kwenye sindano.

Halikuwa moshi. Lilikuwa pana, limejaza karibu duara lote la darubini, halina waridi wala shanga, mwanga mweupe tu uliolala mshazari. Alipozidi kutulia, mwanga ule ulianza kupasuka. Nyota zilitokeza ndani yake kama chembe za unga kwenye mwale wa jua, halafu mafundo madogo yenye ukungu, moja hapa, mengine pale. Pembeni mwake kulikuwa na fundo moja lenye mwanga kuliko yote. Akalitambua. Ni mahali ambapo nyota zinazaliwa, na mwanga wake ulianza safari kabla hakujawa na mtu wa kulima ngolo, mashimo ya kilimo ya milimani kwao, wala wa kushona wavu.

"Ndilo," alisema. "Dada, ndilo lenyewe. Lilikuwa hapa siku zote."

Wakati huohuo mwanga mkali ulimulika ufukweni. Kombo, mwenye duka na mwenye mtumbwi ambao Nicholaus huvulia, alikuwa akijaribu taa za sola kabla ya kusukuma. Kwenye darubini Wingu lilififia kama maziwa yaliyomiminiwa maji. Beata aliinua uso.

Nicholaus alishuka mchangani akikimbia. Kombo alilalamika kwamba usipa hawatasubiri, naye akamjibu kwamba watasubiri, hawana pa kwenda. Walivutana kidogo, kisha taa zikazimwa zote, kwa sharti kwamba Kombo naye atazame. Alipopewa darubini hakuirudisha upesi. Mabaharia walijipanga nyuma yake, na aliyemfuata ikabidi amvute shati.

Beata alilitazama tena Wingu likiwa limekaribia utusitusi wa maji, akampa dada yake darubini, na mwisho kabisa ikamfikia Nicholaus.

"Tangu utoto nawaambia watu kwamba hao ni kungu," alisema, macho yakiwa bado kwenye vioo. "Na wananiamini."

"Mimi je?" alisema Kunigunda. "Nimesimama hapa na ungo, nalisubiri lifike nilipike."

Beata alicheka mpaka akashika kichanja. Watu wa mtumbwi walisukuma, na mbali kidogo taa zikawaka, moja, mbili, safu nzima, zikazimeza nyota zote za chini. Beata aliziacha ziwake; Wingu alikwisha kuliona.