Kipande Kimoja kwa Wagonjwa Wote

Asubuhi hiyo mzee mmoja alipanda basi kutoka Meinong hadi katikati ya jiji la Kaohsiung, Taiwan, kung'olewa jino, akaambiwa kliniki haina miadi yake. Ujumbe uliokuwa kwenye simu yake ulikuwa wa mgonjwa mwingine. Kufikia adhuhuri malalamiko kama hayo yalikuwa yamefurika, na Ko Hsiu-wen, aliyeunda programu ya miadi ya kliniki hiyo pamoja na mwenzake Lai Po-han, alijua pa kutazama.

Programu yao ilikuwa na kontena, yaani sehemu inayotunza vipande vya programu na kuzikabidhi sehemu nyingine zinazovihitaji. Kipande cha kushika jina la mgonjwa kilipaswa kuundwa upya kila mtu anapoingia. Po-han alikuwa amekisajili kiwe kimoja kwa wote. Wawili wakiingia pamoja, jina la pili linafuta la kwanza.

Hsiu-wen akarekebisha mstari huo mmoja. Programu ikagoma kuwaka. Kumbe kila kona msimbo alioandika Po-han haukungoja kukabidhiwa kipande. Ulikuwa ukitia mkono kontenani na kujichukulia.

"Si nilikwambia tangu mwaka jana, kaka?" Hsiu-wen akamuuliza.

"Ulisema ni vibaya. Hukusema itavunjika."

"Ulitaka nikuchoree?"

Po-han alimtangulia chuoni, ndiyo maana Hsiu-wen alimwita kaka hata alipotamani kumwita vingine. Sasa kaka huyo alitaka warudishe mstari wa zamani, waombe radhi, mengine wiki ijayo. Hsiu-wen akamgeuzia kioo cha kompyuta: jina la mama mmoja na ugonjwa wake wa fizi, vimetumwa kwa mtu asiyemjua kabisa. Po-han akavuta kiti.

Mchana kutwa walipitia sehemu moja moja, kila moja ikilazimika kutaja mwanzoni inachohitaji. Po-han alinung'unika kwa kila aliyoigusa. Hsiu-wen aliuma meno, akaendelea kufuta mistari iliyojichukulia.

Jioni programu ikawaka, ujumbe ukaenda kwa wenyewe. Meneja wao akaja, akampigapiga Po-han begani na kumsifu kwa kuokoa siku. Po-han akafungua mdomo, akaishia kushukuru.

Hsiu-wen akachukua helmeti yake, akashuka. Po-han alimkuta akiwasha pikipiki.

"Kesho nitamwambia ukweli."

"Mwambie leo. Bado yuko juu."

Akaondoka bila kungoja kuona kama angepanda ngazi.